Matundu ya mchanga: umbo na uelekeo wake hupimwaje?

Umeuliza kama uwiano wa nafasi (ujazo wa matundu ukigawanywa kwa ujazo wa punje) unatosha kueleza matundu ya mchanga, yaani nafasi zilizo kati ya punje, yamekaaje. Hautoshi, ndugu. Huo unakupa ujazo tu. Sampuli mbili zenye uwiano uleule zinaweza kuwa na matundu yaliyolala kwa mlalo kwenye moja na yaliyosimama kwenye nyingine, na nguvu zao zikatofautiana.

Kama una skana ya eksirei ya 3D, itumie. Kama huna, mimina epoksi (gundi ya maji inayoganda) yenye rangi taratibu kutokea chini ili hewa itoke, iache ikauke, kata sampuli kwa wima (kata ya mlalo peke yake itakuficha mambo), isugue, ipige picha.

Kazi ngumu inaanza hapo: matundu yameungana yote, kwa hiyo ni wewe unayeamua moja linaishia wapi. Kwa kawaida programu hukata penye shingo nyembamba. Kisha kila tundu livalishe duaradufu (duara lililorefushwa) inayolikaribia: uwiano wa mhimili mrefu kwa mfupi ndio umbo, pembe ya mhimili mrefu ndiyo uelekeo. Yaliyo karibu na duara yaondoe kwenye hesabu ya uelekeo, pembe zake ni kelele tupu.

Na tafadhali usichukue wastani wa kawaida wa pembe! Nyuzi 1 na 179 zote karibu ni mlalo, lakini wastani wake ni 90, yaani wima kabisa. Zidisha kila pembe kwa 2, tafuta wastani wa vekta (chukua kila pembe kama mshale wa urefu mmoja, jumlisha mishale, soma uelekeo wa jumla yake), halafu gawa kwa 2.