Eksteno mpya, kukopi bado masaa

SWALI: Habari fundi, mi nafanya kazi ya picha na video za maharusi hapa Morogoro, nimenunua laptopu sasa nahamisha kazi zote kutoka kwenye desktopu ya zamani kwa eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) ya tera 1, ni kama gigabaiti 200 hivi. Video zinakwenda spidi ya 35, inagota hapo hapo haipandi, afu nikifika kwenye mafolda ya kueditia inashuka mpaka 2 mpaka 1, saa nyingine inaniambia yamebaki masaa 9. Aliyeniuzia eksteno anasema ni nzima, laptopu ndo nzito. Nibadilishe kipi? (Dada wa studio)

JIBU: Usibadilishe kitu kwanza dada, hela yako iache mfukoni. Hiyo 35 peke yake imeshasema nusu ya jibu, mana megabaiti 35 kwa sekunde isiyopanda wala kushuka ni USB 2.0 hiyo, ile USB ya zamani ya taratibu. Kwenye maboksi wanaandika megabiti 480, ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 60, ila kwenye kazi yenyewe inaishia 30 mpaka 40. Eksteno kama yako ikipita USB 3.0, ile mpya zaidi, inatakiwa icheze kwenye 100, yaani hizo giga 200 zinazokula saa moja na nusu zingeisha kwa nusu saa na dakika chache, na hapo ni safari moja tu, we unakopi mara mbili, kuingiza kwenye eksteno na kutoa.

Sasa angalia umechomeka wapi. Desktopu nyingi za zamani matundu ya mbele ni 2.0, yale ya 3.0 yako nyuma na kile kiplastiki cha ndani ni cha bluu, ila nani anataka kuinama nyuma ya meza kwenye vumbi! Laptopu nyingine hazina bluu, tafuta herufi SS pembeni ya tundu. Kama desktopu haina 3.0 kabisa basi 35 ndo mwisho wake, ukiona unabanwa sana mpe fundi atoe diski yake ya ndani aitie kwenye keis (kasha la diski lenye waya) ya USB 3.0 uikopi moja kwa moja kwenye laptopu, utakopi mara moja tu.

Halafu waya, hapa ndo wengi wanaliwa. Chungulia tundu la eksteno yenyewe, nyingi ni pana, limegawanyika vipande viwili kimoja kikubwa kimoja kidogo, na waya wake una kichwa kipana hivyo hivyo. Sasa ule ukipotea, waya wa chaja za simu za zamani unaingia vizuri tu kwenye kile kipande kikubwa, taa inawaka, mafaili yanaonekana, unaridhika kumbe umerudi 2.0 bila kujua.

Kuhusu mafolda ya kueditia hiyo ni shida nyingine kabisa, hata waya mpya hautaimaliza. Mle ndani kuna vifaili vidogo vidogo maelfu, na kila kimoja kompyuta inakifungua, inakiandikisha, inakifunga, antivairasi nayo inataka kukikagua, kwa hiyo muda unaishia kwenye mizunguko hiyo na data yenyewe ni ndogo. Video moja ya giga 10 inawahi kuliko giga 2 za vifaili. Kwanza acha folda za kashe (mafaili ya muda ya programu) huko huko, programu ya kueditia itazitengeneza upya yenyewe. Vilivyobaki vifunge viwe faili moja kwa programu ya 7-Zip, pale kwenye kubana chagua Store ili isipoteze muda kubana, kopi hilo moja afu ufungulie kwenye laptopu.

Ila spidi ikiwa inaanguka mpaka sifuri hata kwenye video kubwa, na unasikia tik tik ndani ya diski, acha vyote nilivyosema, kopi kazi za wateja kwanza, hiyo diski inaelekea kufa. Na huyo aliyekuuzia, laptopu nzito anaijuaje wakati hata waya hajauangalia?

SWALI: Flashi ya giga 32, tupu kabisa, inakataa muvi ya giga 6, inasema faili ni kubwa mno. Ni feki? (Kijana wa Tanga)

JIBU: Sio feki bwana mdogo, imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na huo haupokei faili moja la kufika giga 4, hata kama nafasi ipo. Ifomati kwa mpangilio wa exFAT, kwa kuwa ni tupu huna cha kupoteza. Ila kama unaitumia pia kwenye redio ya gari tafuta nyingine ya muvi, redio nyingi za zamani exFAT hazisomi.