Wadogo zangu mnaoanza kushika maiki mwaloni

Jamani, nimewasikiliza vijana wapya wa uhamasishaji wa afya kwenye mwalo wa Igombe, pale Mwanza mitumbwi ya uvuvi inapopakua ziwani Victoria, na imebidi niandike, maana makosa ni yaleyale ya miaka yote. Na kazi mnaijua! Mkikaa na mtu mmoja kwenye benchi mnamweleza kichocho mpaka anaelewa, mkipewa maiki tu mnageuka barua ya serikali.

1. Jua ratiba ya watu wako. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Sasa wewe unaitisha mkutano asubuhi kipindi cha giza, mitumbwi ndo inaingia, wachuuzi wameshika ndoo, nani akusikilize? Subiri mbalamwezi.

2. Itifaki dakika moja. Mwenyekiti, mtendaji, BMU (kikundi cha kusimamia mwalo), basi. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, inapokelewa vizuri sana ila mwaloni kuna Wajita, Wakerewe na Wahaya pia, usikomae na Kisukuma mpaka nusu ya watu wanatazamana.

3. Hii ndo inaniuma. Kuna kijana, sauti anayo, anapendwa, alikuwa anaeleza vizuri tu, konokono, vijidudu vinavyopenya kwenye ngozi. Mama mmoja muanika dagaa akauliza, "Sasa sisi tunaoingia majini kila siku kupokea mzigo tufanyeje?" Watu kimya, hata waliokuwa wanacheza bao wakageuka, yaani mwalo mzima ulikuwa unasubiri jibu. Kijana akasema, "Nitafika huko mama," akarudi kwenye karatasi yake, na hakufika. Mama akabeba ndoo yake akaondoka, wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na lile swali ndo lilikuwa limetupeleka pale sisi wote! Hakuwa na kiburi yule kijana, aliogopa kuruka mstari.

Swali kama hilo likija weka karatasi mfukoni. Mwambie praziquantel, dawa ya kichocho, inaua minyoo ya kichocho iliyokomaa mwilini ila haimkingi asiambukizwe tena, kwa hiyo zoezi la kumeza dawa likija ameze hata kama mwaka jana alimeza, na ale kwanza tumbo lisimsumbue. Gambuti zinasaidia kama maji hayaingii ndani. Halafu mayai ya hii minyoo yanafika ziwani kwa kinyesi, kwa hiyo mgeuzie swali, mama, choo cha hapa kiko wapi, nani anakisafisha? Hapo ataongea yeye, mwenyekiti atalazimika kujibu, na wiki nzima watu watarudia alichosema mwenzao kuliko hotuba yako. Nawaambia ukweli, nimeshaona mwalo ukipanga zamu ya usafi palepale kwa swali moja tu.

4. Mchana upepo unatoka ziwani, simama mgongo ukiwa kwenye maji, unaikinga maiki na sauti inawafuata watu.

5. Spika ichajiwe usiku. Ile ya juzi ilizima mtendaji hajamaliza hata salamu.