Barua kwa mwanangu: jina lako silitoi kwenye akaunti

Mama,

Mbukwa. Ujumbe wako wa sauti wa Jumanne nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza upepo ulikuwa unapiga bati vibaya, Agosti yetu unaijua, nikaambulia "dola elfu kumi" na "jela" tu. Nikahamia chini ya mwarobaini, nikausikiliza upya, moyo ukatulia kidogo.

Kwa nilivyokuelewa, mwenzako wa zamu ya usiku amekuambia kwamba mwenye kadi ya kijani anatakiwa kuitaarifu serikali ya Marekani akaunti zake za benki zilizo nje ya nchi, na wewe tangu 2019 hujataja hata moja. Ndipo ukaniuliza mawili. Je, akaunti yetu ya pamoja hapa Dodoma, tuliyoifungua kwa ajili ya nyumba ya Nala, nayo inahusika? Na kama inahusika, niende benki nikatoe jina lako, ibaki yangu peke yangu, mambo yaishe kimya kimya?

Naanza na la pili. Siendi.

Usidhani ni ubishi wa uzee. Mpaka wiki iliyopita ulikuwa mtu asiyejua. Tangu mwenzako akuambie, unajua. Tukilitoa jina leo, atakayepekua faili lako kesho hatamwona binti aliyekosea, atamwona mtu aliyefuta nyayo zake. Na nyayo zenyewe hazifutiki: benki inazo kumbukumbu za miaka yote, na kila dola uliyotuma ilipita kwenye mfumo wa huko huko kwenu.

Huku tumezoea kuambiwa kwamba kutojua sheria si utetezi. Kwenye jambo hili Wamarekani wameweka bei mbili. Aliyekosea bila kukusudia, adhabu ya juu kwa msingi wa sheria ni dola 10,000. Aliyekusudia, ni dola 100,000 au nusu ya salio la akaunti, ipi kubwa, na hapo ndipo habari za jela zinapoanzia. Viwango hivyo hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Kwa hiyo mali yako kubwa kwa sasa, kuliko hata ile nyumba, ni kule kutokukusudia kwako. Usiipoteze kwa haraka ya wiki moja.

Binamu yako anayesoma UDOM alikuja Jumamosi na kompyuta yake, tukazisoma kurasa za IRS wenyewe, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani. Yeye anatafsiri, mimi naandika kwenye daftari kama enzi za chama cha ushirika. Taarifa hiyo wanaiita FBAR. Si kodi. Ni taarifa tu, na kuiwasilisha hulipi kitu. Wala haiendi pamoja na ritani yako ya kodi: inatumwa kwa mtandao, peke yake, kwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha yao kinachofuatilia uhalifu wa kifedha. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1970, kwa hiyo ilikuwepo kabla hata mimi sijamwoa mama yako. Mwisho wa kuiwasilisha ni Aprili 15, na asiyewahi anaongezewa muda hadi Oktoba 15 bila kuomba. Maana yake ile ya mwaka jana bado haijachelewa. Hapo nilishusha pumzi.

Kipimo chao ndicho kinachowakosesha watu. Dola 10,000 si kwa akaunti moja, ni akaunti zako zote za nje zikijumlishwa, na si salio la mwisho wa mwaka, ni kiwango cha juu kilichofikiwa siku yoyote ndani ya mwaka. Hata kama pesa ililala usiku mmoja tu.

Sasa kumbuka Machi 2022. Ulituma ya bati na mbao, wiki hiyo hiyo mimi nikalipwa zabibu za Mpunguzi, na baba yako mdogo akarudisha deni lake, jambo ambalo halijajirudia tena. Ninayo stetimenti hapa mezani, nimeipigia mstari kwa rula: tarehe 14 salio lilisimama shilingi 31,400,000. Lilikaa siku tisa, fundi akalimaliza. Wao wanabadilisha kwa kiwango cha Hazina yao cha Desemba 31 ya mwaka husika, na mwaka ule dola ilikuwa 2,300 na kitu. Hizo ni dola 13,000 na ushei. Utasema nusu yake ilikuwa ya Baba. Kweli, lakini kwenye akaunti ya pamoja unataja salio lote zima. Mimi sidaiwi taarifa yoyote kwao; wewe ndiye unayeitaja, pamoja na jina langu kama mwenza, na sina tatizo nalo.

Halafu kuna lile ambalo najua hukulifikiria hata kidogo. Mfuko wa ukoo. Ulipokuja kwenye msiba wa bibi wakakuchagua uwe mmoja wa watia saini watatu, kwa hoja kwamba uko mbali na huwezi kukopa. Tulicheka siku ile. Sasa sheria yao inahesabu hata akaunti ambayo senti moja si yako, almuradi una mamlaka ya kutia saini. Nayo itaje. Nimeshamweleza baba yako mdogo, akaruka juu kwamba Wamarekani watachukua hela ya majeneza. Nikamwambia hawachukui, wanaandika. Hajaniamini, lakini ametoa nakala ya kitabu cha benki.

Nyumba yenyewe ya Nala na kiwanja haviingii kwenye taarifa hiyo, kwa sababu ardhi unayoimiliki moja kwa moja si akaunti. Tukija kupangisha, kodi ya pango ni kipato na utakiandika kwenye ritani yako. Kuna fomu nyingine pia, 8938, ya sheria waliyoipitisha 2010. Hiyo inaambatana na ritani, na kwa asiye na mume anayeishi huko inaanzia dola 50,000 siku ya mwisho wa mwaka au 75,000 siku yoyote katikati. Hatujawahi kufika huko, na kwa bei ya zabibu ninayoiona mwaka huu hatutafika karibuni. Laini yako ya simu ya huku, ninayopokelea hela za vibarua, iandike kwenye orodha ya maswali ya wakili.

Ndiyo, wakili. Nakuja huko. Kwanza kuna mambo mawili mabaya kidogo.

La kwanza ni riba. Akaunti yetu ni ya akiba, kila mwaka inaingiza riba ndogo, na benki inakata asilimia 10 kabla haijatufikia. Nilidhani basi, kodi imelipwa. Kumbe wewe kama mkazi wa Marekani unatozwa kwa kipato cha dunia nzima, na riba ile ilipaswa kuonekana kwenye ritani zako. Iliyokatwa huku unaweza kuombea nafuu huko, lakini lazima uitaje. Kisha kwenye jedwali la riba la ritani yao kuna swali la ndiyo au hapana: una akaunti nchi ya nje? Nenda kaangalie kilichowekwa kwenye zako. Yule bwana wa kibandani aliyekuwa anakujazia kwa dakika ishirini, naogopa hakukuuliza kitu, akaweka "Hapana" na wewe ukasaini.

La pili ni langu. Mwaka juzi benki waliita wateja wahuishe taarifa zao. Fomu ilikuwa ndefu. Ukurasa wa kwanza, chini kabisa, waliuliza kama kati ya wenye akaunti yupo raia wa Marekani au mkazi wake kwa mambo ya kodi. Nikajiambia binti yangu ana pasi ya Tanzania, uraia hajabadili, Marekani kaenda kazini tu. Nikaweka alama kwenye "Hapana". Kisha nikakutumia WhatsApp ukurasa wa mwisho peke yake, ukauchapa, ukasaini, ukaurudisha ukiwa kwenye basi. Wa kwanza hujawahi kuuona. Kwa hiyo kuna karatasi yenye saini yako inayosema si kweli, na aliyeijaza ni mimi, mwenye miaka 26 ya kuwasomea wenzangu fomu kabla hawajaweka dole gumba. Sikulala vizuri Jumamosi.

Usinitetee kwa wakili. Mwambie kama ilivyokuwa. Nimekwisha kuandika maelezo yangu kurasa mbili, siku, nani alijaza nini, na ujumbe wa WhatsApp sijaufuta. Akitaka niape mbele ya wakili huku, nitaapa.

Wakili nasema, si mhasibu, na usianze na mhasibu hata kama ni rafiki. Mazungumzo yako na wakili yana kinga. Kinga ya mhasibu kwenye mambo ya kodi ni nyembamba na haifiki kwenye jinai. Kama mahesabu yatahitajika, wakili ndiye amwite mhasibu. Mtafute anayefanya kazi hii ya akaunti za nje mahsusi, si yule aliyekusaidia kadi ya kijani. Jimbo lako lina orodha ya mawakili mtandaoni, hakikisha yumo na hana adhabu. Vishoka unawajua, ulikulia mji wa viwanja. Huko nao wapo, na wengine wanaongea Kiswahili kizuri sana. Atakayekuhakikishia matokeo kabla hajaona karatasi, ondoka. Malipo yawe kwa maandishi. Zipo pia kliniki za kodi kwa wenye kipato kidogo, bure au kwa ada ndogo, ila na hizi zamu zako za ziada nadhani umewapita.

Muulize hasa kuhusu ile njia waliyowawekea waliokosea bila kukusudia. Kwa nilivyoandika kwenye daftari: unasahihisha ritani za miaka mitatu, unawasilisha FBAR za miaka sita, unaeleza kwa kiapo jinsi ilivyotokea, na kwa anayeishi Marekani unalipa asilimia 5 ya jumla ya masalio ya mwisho wa mwaka, ukichukua mwaka uliokuwa juu zaidi. Masharti ni uwe hujaanza kukaguliwa na IRS. Nimepiga hesabu ya haraka kwa salio letu la Desemba, inakuja kama laki tisa za kwetu, bei ya ng'ombe mmoja mnada wa Msalato. Wakili mwenyewe atakugharimu zaidi ya hapo. Ipo njia nyepesi zaidi kwa ambaye FBAR tu ndizo zimechelewa na kipato chote alikitaja, lakini ile riba imetuharibia. Au labda haijatuharibia. Ndiyo kazi yake aseme. Hata ile ya mwaka jana usiitume peke yako kabla hajaona. Na usisaini hicho kiapo kwa lugha ya kunakili. Kiwe na mambo yako: fomu ya benki, kibanda, mfuko wa ukoo, vyote.

Kama bado unaogopa, binamu yako alinisomea kesi moja iliyofika Mahakama yao ya Juu, Februari 2023. Bwana mmoja, Bittner, mzaliwa wa Romania, alikuwa na akaunti nyingi ambazo hakuzitaja kwa wakati kwa miaka mitano; ukihesabu za kila mwaka na kujumlisha, zinafika 272. Serikali ikahesabu kila akaunti kosa lake, ikadai dola milioni 2.72. Majaji watano kwa wanne wakasema hapana, asiyekusudia anahesabiwa kwa kila taarifa ya mwaka, si kwa kila akaunti, ikawa 50,000. Hesabu ya 272, Mama. Sisi tuna mbili na laini ya simu.

Upande wangu kazi imeanza. Jumatatu nilipanga foleni benki tangu saa mbili asubuhi. Miaka mitatu ya karibuni wamenipa na mihuri, wakinikata kwa kila ukurasa. Ya nyuma wameagiza kutoka makao makuu, nimeambiwa wiki mbili, kwa hiyo nitarudi baada ya siku kumi. Kila mwaka nimeuandikia mstari mmoja: salio la juu kabisa na tarehe yake, salio la Desemba 31, riba iliyoingia, kodi iliyokatwa. Kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika hela ilitoka wapi. Ukurasa wa Machi 2022 uliloa kwenye ile droo ya chini na tarakimu moja haisomeki vizuri, nimeomba nakala nyingine.

Ile fomu ya benki yenye "Hapana" sijaigusa. Nilitaka kwenda kuirekebisha jana hiyo hiyo, nikajizuia. Wakili wako aseme lini na kwa maneno gani, ndipo niende, safari hii kurasa zote uzione.

Nipigie Jumapili ukitoka zamu. Huku itakuwa alasiri, nimetoka ibadani, daftari litakuwa wazi mbele yangu.

Baba yako