Barua kwa mwanangu kuhusu sanduku la babu yako

Lushoto, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo, vuli imeanza vizuri, na shangazi yako anakusalimu.

Ujumbe wako nimeupokea na nimeusoma mara tatu. Umeniambia kwamba baada ya arobaini ya babu ulilifungua sanduku lake la bati ukitafuta hati ya kiwanja, ukakuta viberiti 23 vimejaa udongo, karibu kila kimoja na kikaratasi chenye jina la mahali na mwaka. Kisha umeniuliza, "Mama, babu alifika kweli huko kote, au zilikuwa hadithi za kutulaza tulipokuwa wadogo? Hata ile ya meli iliyolala chini ya ziwa miaka minane ikafufuka?" Ni swali la haki. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona mimi mwenyewe na yale niliyoyasikia kwa watu ninaowaamini, na mahali ambapo babu yako alitia chumvi nitakuambia pia.

Nianze na meli, kwa kuwa ndiyo uliyoitilia shaka kuliko yote, nayo ni kweli tupu. Ni meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakavifunga katika makasha yapatayo 5,000, wakavisafirisha kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako meli iliungwa upya ikashushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, walipoona kwamba mji unawaponyoka, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi ili isiliwe na kutu, kisha wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya. Hiyo miaka minane babu yako hakuibuni.

Lakini historia hiyo mtu anaweza kuisoma bila kuondoka Lushoto, na ninadhani unachotaka kujua hasa ni kwa nini yeye aliondoka. Alinieleza mara moja tu, mwaka niliomaliza darasa la saba. Alikuwa kijana, mwalimu wa mwaka wa sita hivi, anafundisha jiografia hapa hapa milimani, na siku hiyo ameandika ubaoni kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na kwamba duniani kote linashindwa na Baikal peke yake. Mtoto mmoja aliyekaa dawati la nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umeliona?" Akajibu hapana. Mtoto hakuuliza kwa ujeuri, aliketi akaendelea kunakili. Babu yako aliniambia kwamba usiku ule hakulala, na wiki iliyofuata akaandika barua kuomba uhamisho wa kwenda popote penye shule kando ya ziwa lile. Walimu wenzake walidhani ameadhibiwa, maana wakati huo kupelekwa Ufipa kutoka Usambara kulihesabiwa kama adhabu.

Basi mwaka 1964 yeye na bibi yako, ambaye alikuwa ameolewa miezi michache tu, waliteremka mlima kwa miguu hadi stesheni ya Mombo, wakiwa na sanduku hilo hilo la bati, godoro la sufi na kuku wawili. Bahati yao ilikuwa kwamba kipande cha reli kati ya Mnyusi na Ruvu kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo waliweza kubadili treni Ruvu na kuishika Reli ya Kati hadi Kigoma. Huko wakaisubiri Liemba siku tano. Bibi yako, ambaye hakuwa mtu wa kusimulia, hakuisahau kamwe safari ile ya ziwani: jinsi meli ilivyokuwa ikisimama majini usiku mbele ya vijiji visivyo na gati, taa zikiwashwa, na mitumbwi ikaja kuizunguka kwa kelele, watu wakipandishiana magunia ya dagaa, mbuzi na watoto wachanga kupitia mlango wa ubavuni, huku maji meusi yakipiga chini yao. Alisema alimshika babu yako kiunoni mpaka wakafika Kasanga, huko Ufipa.

Kiberiti cha kwanza kimetoka huko. Kifungue utaona mchanga mwembamba wenye chembe zinazong'aa. Aliuchukua kwa ajili ya somo, wala si kwa ajili ya kumbukumbu, na hili naomba ulielewe vizuri. Mimi nimekaa katika darasa lake, kwa hiyo nimeliona kwa macho. Alikuwa akipita dawati kwa dawati, anamwagia kila mtoto udongo kidogo kiganjani, kisha anatudondoshea matone mawili ya maji na kutuambia tuusokote kwa vidole. Wa kichanga ulikataa kushikana. Wa mfinyanzi ulitoka kama mjusi mrefu usiokatika. Tifutifu ulifanya kitonge kisha ukavunjika, nao ulinukia majani yaliyooza. Baadaye ndipo alipofungua ramani na kutuonyesha ulikotoka. Alikuwa akisema ramani haina harufu, na kwamba mtoto asiyeugusa udongo wa Mlimba hataamini kwamba Mlimba ipo.

Mimi nilizaliwa Kasanga, ila kumbukumbu zangu zinaanzia Mlimba, katika bonde la Kilombero, ambako tulihamia nikiwa mdogo. Reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa. Mbele ya Mlimba njia inaanza kuupanda ukingo wa milima kuelekea Makambako, na katika mahandaki 22 ya reli nzima, mengi yamechimbwa katika kipande hicho. Baruti zilikuwa zikilipuka mbali, nasi tukawa tunazisikia kifuani kabla ya masikioni. Aliposema kwamba alisafiri kwa treni hiyo mpaka mwisho wake Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, alisema kweli. Ilikuwa likizo ya Desemba mwaka 1976, miezi michache baada ya reli kukabidhiwa rasmi, na mimi nilikwenda naye stesheni kumsindikiza nikilia kwa sababu hakunichukua. Alirudi na kiberiti kingine na blanketi la Zambia, ambalo wewe ulilalia.

Sasa tazama miandiko. Umesema kwamba vikaratasi vingine vimeandikwa kwa herufi kubwa zinazoinama, ukadhani ni vya mtu mwingine. Ni vya bibi yako. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, babu yako alifungua darasa la jioni chini ya karabai, na bibi yako alikuwa mwanafunzi wake kama wengine, amekaa mstari wa pili, anamwita "Mwalimu" mpaka kengele ilie. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, yeye ndiye aliyewasomea wanawake wa mtaa wetu kijitabu kwa sauti baada ya kipindi cha redio. Babu yako aliporudi nyumbani na udongo ndani ya leso, bibi yako ndiye aliyeutia katika kiberiti na kuuandikia jina.

Nakiri kwamba si kila alichowasimulia kilikuwa hivyo. Simba wa Kasanga aliyemkazia macho mpaka akageuka hakuwapo. Alikuwa fisi aliyekuja kwenye banda la kuku, na aliyemfukuza ni bibi yako, kwa kijinga cha moto, akiwa na mimba yangu. Nilimwambia babu yako kwamba ninyi wajukuu mna haki ya kumjua shujaa halisi, akakubali, lakini jioni iliyofuata simba akarudi vile vile.

Kuna jambo ambalo hakulisimulia hata siku moja. Mama yake, yaani bibi mzaa babu, alifariki wakiwa Kasanga. Simu ya maandishi ilipelekwa siku ile ile, lakini ilikaa katika ofisi fulani njiani, na ilipomfikia marehemu alikuwa ameshazikwa siku tisa zilizopita. Ilimbidi aisubiri meli, kisha treni, na alipopanda mlima huu kutoka Mombo hata matanga yalikuwa yamekwisha. Wajomba walimtenga kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Kiberiti kisicho na jina la mahali, chenye mwaka tu, ni udongo wa kaburi lile. Ukikikuta usikichanganye na vingine.

Kuhusu Kagera, alikuambia kwamba alikuwa huko vita ilipoanza na kwamba hakufanya lolote. Mwaka 1978 bibi yako alikuwa amechoka kuhama, tukabaki naye hapa, babu yako akaenda peke yake kufundisha ng'ambo ya kaskazini ya Mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yakaingia. Kwa wiki saba hatukupata barua. Kisha alirudi amekonda, viatu viwili visivyolingana, hakueleza kitu, akaomba maji ya kuoga. Ukweli niliusikia miaka mingi baadaye, wewe ukiwa bado hujaanza shule, alipokuja mgeni mmoja wa makamo akiuliza nyumba ya Mwalimu. Mgeni huyo alimwona babu yako akipalilia migomba, akaketi chini kwenye matope na suruali yake safi, akalia. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi 14 aliowatembeza usiku kucha hadi mtoni, akawavusha kwa mtumbwi wawili wawili, yeye akavuka wa mwisho. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai, na kila neno nililisikia. Babu yako alimuuliza tu kama aliendelea na masomo.

Safari za baada ya kustaafu, michoro ya miambani ya Kolo, Olduvai, Ujiji, nazipita, kwa kuwa ulikuwa umeshapata akili na barua zake unazo. Nitaongeza tu kwamba nauli zote hizo zilitoka katika pensheni yake na kahawa ya bibi yako, na kwamba kila aliporudi alikwenda kwanza shuleni na kiberiti mfukoni, kisha ndipo nyumbani.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, alifika. Simba peke yake ndiye ninayemwondoa.

Sanduku lisitolewe nyumbani kwako mpaka nije, maana nimepanga kuja huko Dodoma baada ya mavuno ya maharage. Uniwekee kalamu yenye ncha nyembamba na karatasi ngumu kidogo. Ukitazama vizuri utakuta vikaratasi viwili vimefutika kabisa, na mimi najua ni vya wapi.

Ni mimi mama yako.