Chati imesema 6/6, mbona bodaboda zinaniotea barabarani?

SWALI: Daktari, mimi ni dereva wa daladala, nina miaka 46. Nilipimwa macho kwa chati nikaambiwa ni 6/6. Lakini tangu mwaka jana bodaboda zinanitokea ghafla, mara kushoto mara kulia, kama zimeota barabarani, hasa jioni. Hata ngazi za nyumbani najikwaa. Nimeuziwa miwani ya njano ya usiku na matone ya mitishamba ya "kusafisha macho". Nianze na kipi? Marehemu baba alipofuka, ila alishakuwa mzee.

JIBU: Kaka, usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Na hiyo 6/6 iweke kando kwa sasa, maana kila wiki kuna mtu anaileta kama cheti cha kwamba macho yake hayana tatizo.

Nyoosha mkono, inua kidole gumba, utazame ukucha. Upana huo, nyuzi mbili hivi, ndio unaosoma herufi za chini za chati. Uga mzima wa macho mawili, yaani eneo lote unaloona bila kuyahamisha, unakaribia nyuzi 180. Aliyekupima kwa chati kachungulia tundu la ufunguo, mlango hajaugusa.

Na hatari haiji kupitia ukucha, inakuja pembeni. Pembeni mwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, seli ni hafifu kwa herufi, ila kwa kitu kinachosogea zina ukali wa ajabu, na jioni ndizo zinazobeba kazi: seli za mwanga hafifu ni kama milioni 120, za rangi na herufi ni milioni 6 hivi. Kitu kikisogea huko, ubongo wa kati unageuza macho na shingo ndani ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, kabla hujajua ni nini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mwili umesharuka, ndipo anatambua ni ung'ongo.

Sasa kosa linalonichosha. Watu wanadhani sehemu ya jicho ikifa wataona weusi, kwa hiyo wanakaa wakisubiri weusi. Hauji. Ubongo unachukua rangi ya lami iliyo jirani na kuziba pengo. Hata jicho zima lina doa lisiloona, kama nyuzi 15 upande wa sikio, pale neva ya kwenda kwenye ubongo inapotokea, na maisha yako yote hujawahi kuliona. Presha ya macho (glakoma, ugonjwa unaoua neva hiyo) inaongeza mapengo ya namna hiyo polepole, mara nyingi juu au chini ya katikati na upande wa pua, huku jicho moja likifichia lingine aibu. Bodaboda ikiwa ndani ya pengo, unaona barabara tupu. Ikitoka, imeota. Neno hilo umelitumia mwenyewe.

Ni kweli jicho zima nalo hukosa pikipiki. Ikija kwa mwendo utakaowagonganisha, inabaki mahali palepale kwenye kioo chako cha mbele, haisogei, kwa hiyo pembeni mwa jicho hapashtuki. Nguzo ya kioo inaweza kuificha muda wote huo. Kwenye makutano sogeza kichwa mbele na nyuma, tazama kila upande mara mbili, na uyatulize macho kidogo kila unapotazama, kwa sababu yanaporuka ubongo hufifisha picha. Kwa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde. Lakini nguzo ya kioo haielezi ngazi za nyumbani, wala haimhusu baba yako.

Kuhusu baba umeandika kwa kupita tu, na ndiyo sentensi nzito kuliko zote. Presha ya macho hufuata damu, na sisi Waafrika hutupata zaidi na mapema zaidi.

Leo jioni fanya hivi. Keti mkabala na mtu mwenye macho mazima, mita moja kati yenu. Funika jicho lako la kulia, yeye afunike la kushoto, mtazamane puani. Ainue kidole kimoja au viwili katikati yenu, kwenye pembe nne za uga, wewe useme ni vingapi bila kuhamisha jicho. Kisha badilisheni. Ukikosa pale anapoona yeye, una jibu. Ukipata vyote bado hujapona, maana mapengo madogo hupita hapo. Macho yote mawili yakikosa upande uleule, tatizo huenda liko kwenye ubongo. Na likianza ghafla, au ukiona kama pazia linashuka na vimulimuli, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki dai vitu vitatu: presha ya jicho, neva kutazamwa mboni ikiwa imepanuliwa, na kipimo cha uga. Presha ya jicho ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini wapo wanaopofuka wakiwa na 16. Ukipimwa presha tu ukaruhusiwa, hujapimwa. Siku hiyo usiendeshe; mboni hukaa wazi kwa saa kadhaa.

Miwani ya njano inapunguza mwanga usiku, wakati ambao huna mwanga wa kupoteza. Mwaka 2019 watafiti wa Boston waliijaribu kwa madereva kwenye mashine ya kuigiza barabara. Haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu.

Matone ndiyo yananitia hasira. Ya majani, ya maji ya sukari, ya mkojo: hayajauliwa vijidudu, na konea, kioo cha mbele cha jicho, ikishaota kidonda hubaki na kovu jeupe. Mabaya zaidi ni yale ya dukani yenye deksamethasoni, aina ya steroidi, yanayouzwa bila cheti cha daktari. Wekundu unaisha siku mbili, mgonjwa anashukuru, anaendelea wiki baada ya wiki, na kwa baadhi ya watu presha inapanda kimya. Neva iliyokufa hairudi. Latanoprosti na timololi, dawa za kushusha presha ya jicho, hata zikitumiwa kila siku, zinalinda kilichobaki tu. Wapo wauzaji wanaochanganya steroidi humohumo kwenye "mitishamba" ili ionekane inafanya kazi, kwa hiyo chupa yako usiitupe. Njoo nayo kliniki, na kama umeshadondosha, sema ni tangu lini na mara ngapi kwa siku.