Ramani na Wewe: "Mwalimu, Sisi Tuko Baharini?"

SWALI: Assalaam aleikum, Mzee wa Ramani. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari hapa Chake Chake, Pemba. Nimepakua atlasi ya dunia ya kidijiti iitwayo Natural Earth. Faili la nchi lilikuwapo la 10m, la 50m na la 110m, nikachukua la 110m kwa kuwa ndilo lenye namba kubwa. Nikalifungua kwa QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, mbele ya kidato cha pili. Tanzania imo, lakini Pemba haimo, Unguja haimo. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sisi tuko baharini?" Nikakosa la kumwambia. Tena, wanafunzi walipima kwa simu mahali zilipo shule kumi za jirani. Tulipoziweka juu ya ramani, zote ziliangukia Ethiopia. Tumekosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu wangu. Swali la mtoto huyo nimelisoma mara tatu. Nami nimezaliwa mji wa Mkoani, hukohuko Pemba, najua linavyouma kutazama ramani ya dunia ukakuta maji matupu pale alipozikwa babu yako.

Ile "m" si mita, ni milioni. Faili ulilochukua limechorwa kwa skeli ya 1:110,000,000, yaani milimita moja ya ramani ni kilomita 110 za ardhi. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na Pemba ni fupi zaidi. Kwa skeli hiyo kisiwa chetu hakifiki hata milimita, ndiyo maana wachoraji wamekiacha. Hatuko peke yetu: faili hilo lina maumbo 177 ya nchi, na Komoro, Shelisheli na Mauritius, nchi kamili zenye bendera zao, hazimo. Limetengenezwa kwa ajili ya ramani ndogo ya dunia, ya kukaa kwenye pembe ya ukurasa wa kitabu.

Kwa hiyo katika atlasi hii, namba ikiwa ndogo, maelezo ni mengi. Rudi upakue la 10m, ambalo milimita moja ni kilomita kumi. Pemba utaiona na umbo lake utalitambua. Usiogope kulinakili na kuligawa darasani: tangu kundi la wachora ramani lilipoitoa atlasi hiyo mwaka 2009, ni mali ya umma, haina malipo wala kibali. Ila kisiwa cha Misali, chenye kama kilomita moja ya mraba, usikitafute humo. Kwa skeli hiyo kingekuwa nukta ya sehemu moja ya kumi ya milimita.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Kompyuta inakuruhusu kukuza ramani upendavyo, na jicho linadhani kila ukikuza unapata habari mpya. Hupati. Mwaka 1992 Wamarekani walitoa Digital Chart of the World, dunia nzima ndani ya CD nne, iliyonakiliwa kutoka chati za marubani za skeli ya 1:1,000,000. Urithi huo wa marubani ulionekana wazi: hata kontua zake, yaani mistari ya mwinuko wa ardhi, zilikuwa kwa futi. Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi iliipata miaka kadhaa baadaye. Mimi niliyezoea kuchora pwani kwa kalamu ya wino, mkono ukitetemeka kwa kuogopa doa, niliiona Pemba ikijichora yenyewe kwenye kioo, machozi yakanilenga. Kisha nikakuza, nikakuza, mpaka ghuba zetu zikawa vijistari vilivyonyooka, kimoja kimeungwa na kingine. Wiki ileile mkubwa mmoja akataka tuitumie kutatua mgogoro wa mpaka wa shamba la mikarafuu. Nilikataa. Kwa skeli ya milioni moja, mstari wa nusu milimita ni upana wa mita 500 ardhini. Shamba lote lile lingemezwa na unene wa mstari, na familia mbili zingegombana kwa kosa la kalamu.

Ukitaka watoto waone barabara na nyumba zao, atlasi ya dunia si chombo chake. Tumia data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, inayofunguka kwenye QGIS hiyohiyo. Zipo pia picha za Mradi wa Ramani wa Zanzibar, ulioanza 2016, ambapo vijana wetu, wakiwemo wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), walirusha droni juu ya visiwa. Weka faili la 10m chini, la OpenStreetMap juu, na tabaka la tatu wachore watoto wenyewe: Misali, kisima, bandari ndogo ya ngalawa isiyo na jina popote. Huyo aliyeuliza mpe yeye kipanya kwanza.

Sasa hizo shule za Ethiopia. Chake Chake iko kama nyuzi 5.25 kusini na 39.77 mashariki. Simu huandika S kuonyesha kusini, nadhani watoto wakanakili tarakimu wakaiacha herufi. Kwenye jedwali kompyuta inataka alama ya kutoa: -5.25. Bila alama hiyo shule zako zimeruka ikweta na kutua si mbali na mji wa Negele, kusini mwa Ethiopia. Mkirekebisha, angalieni pia safu: X ni longitudo, Y ni latitudo. Mkizibadilisha, mtakwenda Hispania.

SWALI: Nimepiga skani karatasi ya zamani ya ramani ya 1:50,000 ya hapa Tanga, nikaipanga kwa namba za gridi zilizoandikwa pembeni. Juu ya picha ya setilaiti barabara imesogea kaskazini karibu mita 300. Je, wapimaji wa zamani walikosea?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na nafurahi kuwatetea, maana nimefanya kazi na baadhi yao. Karatasi hizo zimepimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu na setilaiti hutumia WGS 84. Mifumo hiyo miwili inaikadiria dunia kwa maumbo tofauti kidogo na vitovu tofauti. Kwa upande wetu huu namba ileile huangukia mahali pawili palipoachana karibu mita 300. Unapoipanga karatasi kwenye QGIS, chagua mfumo wenye namba 21037 (wa Arc 1960) badala ya 32737 (wa WGS 84), kisha iache programu ifanye hesabu ya kuhamisha. Barabara yako itarudi mahali pake, na kinachobaki kitakuwa kosa dogo la hesabu hiyo na makunyanzi ya karatasi tu.