Kabla hujafufua kompyuta ya zamani kwa ajili ya sayansi, hesabu uniti

Watu wakisikia kwamba kompyuta ya mezani iliyolala stoo inaweza kuwasaidia wanasayansi kutafuta nyota au kuchunguza saratani, huwa wananiuliza, "Iwe na ramu kiasi gani?" Mimi nawarudishia swali: LUKU yenu iko kundi gani?

Kazi yenyewe haina kiingilio. Programu ya BOINC, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ni ya bure. Unaisakinisha, unachagua mradi, kompyuta inapokea kipande cha data, inakikokotoa, inarudisha jibu na kuchukua kingine. Gharama yote iko kwenye soketi. Chukua mashine yenye prosesa ya Core i5 ya mwaka 2011, mfano wa zile Dell OptiPlex na HP Compaq za mtumba. Ikikokotoa kwa nguvu zote bila kupumzika inaweza kula wati 90 hivi, ambazo ni uniti mbili na kitu kwa siku, karibu 65 kwa mwezi. Mteja wa TANESCO wa matumizi madogo hapaswi kuvuka uniti 75 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Akizoea kuvuka anahamishwa kundi, na bei ya uniti inaruka karibu mara tatu. Hapo ndipo utakapomweleza baba mwenye nyumba kwamba unatafuta pulsa angani, yaani nyota ndogo zinazozunguka kwa kasi na kutoa miale ya redio.

Kwa hiyo yangu inafanya kazi usiku tu, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na natumia kori (sehemu za prosesa zinazokokotoa) mbili kati ya nne. Kwa ratiba hiyo haifiki uniti 20 kwa mwezi. Kama huna kipimo cha wati cha kuchomeka ukutani, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU kabla ya kulala na ukiamka, usiku mmoja mashine ikiwa imezimwa na mwingine ikiwa inafanya kazi. Tofauti ndiyo gharama yako. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kuamua.

Niseme na hili mapema, maana mafundi wengi hawalisemi. Kiuchumi, kufufua mashine ya zamani hakushindi kununua kidude kipya. Prosesa ndogo ya Intel N100, iliyotoka 2023, inafanya kazi nyingi kuliko Core i5 ile ya 2011 huku ikila sehemu ndogo tu ya umeme wake. Mashine ya zamani ina faida moja: tayari unayo. Na kama ulichonacho ni Core 2 Duo au Pentium 4, prosesa za zamani zaidi ya i5, nakushauri uiache. Itakula umeme unaokaribiana na wa i5 na kurudisha sehemu ndogo ya kazi, tena baadhi ya programu za kisayansi za siku hizi hutegemea maagizo ya AVX, ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, ambayo prosesa hizo hazina. Mpe mtoto ajifunzie kuandika barua.

Ukishaamua kuendelea, usiwashe kwanza. Tazama nyuma, kwenye pawa saplai. Mashine nyingi za mtumba zilitoka Marekani, na baadhi zina swichi nyekundu ndogo ya kuchagua volti. Ikiwa imebaki kwenye 115, ukaichomeka kwenye umeme wetu wa 230, utasikia mlio na kunusa moshi, na mradi wako wa sayansi umeishia hapo. Isogeze kwenye 230. Kisha fungua kava uangalie kapasita kwenye ubao mama. Zikiwa zimevimba kichwani au zimevuja, mpelekee fundi au utafute mashine nyingine.

Vumbi lipulizie nje ya nyumba, kwa blowa, na uzuie feni kwa kidole lisizunguke. Pesti ya joto kati ya prosesa na kipoozeo chake, baada ya miaka zaidi ya kumi, imekauka ikawa unga. Ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, funga. Watu huruka hatua hii kwa sababu kompyuta "inawaka tu vizuri". Kuwaka na kuvinjari si sawa na kukokotoa saa nane mfululizo kwenye chumba cha Tanga mwezi wa pili.

Betri ya saa, ile ya duara ya CR2032, badilisha hata kama hujaombwa. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka ikidhani tuko mwaka 2011. Saa ikiwa imepotea, vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa, BOINC inashindwa kuongea na seva, na wewe unashinda ukilaumu mtandao.

Kwenye mfumo endeshi sina maneno mengi. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025 na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizi, basi piga Linux, mfumo wa bure wenye matoleo mengi. Mint kwa anayetaka kuitumia mchana, Debian tupu kwa anayetaka kuiweka kabatini bila skrini. BOINC inapatikana kwenye ghala za programu za zote mbili.

Kabla ya kuchukua kazi yoyote, acha programu ya Memtest86+ ipime ramu usiku kucha. Ramu yenye hitilafu kidogo inaweza kucheza video bila wewe kujua, lakini kwenye hesabu itatoa jibu potofu. Miradi inalijua hilo, ndiyo maana mingi hutuma kipande kilekile kwa kompyuta zaidi ya moja na kulinganisha majibu. Einstein@Home, mradi wa kutafuta pulsa, ilipogundua pulsa yake ya kwanza mwaka 2010, kwenye data za darubini ya Arecibo, ugunduzi uliandikwa kwa majina ya watu wa kujitolea wenye kompyuta mbili: moja ya Iowa, Marekani, nyingine ya Mainz, Ujerumani. Zote mbili ziliona kitu kilekile. Majibu yasipolingana na lako likaonekana ndilo potofu, linatupwa, na umeme ulioutumia haurudi.

Kuhusu mradi wa kuchagua, jihadhari na maelekezo ya zamani. Mengi bado yanakupeleka SETI@home, ya kutafuta dalili za viumbe wenye akili angani, iliyoanza 1999 na kuacha kugawa kazi mwezi Machi 2020. Malariacontrol.net, ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, iliyokokotoa jinsi malaria inavyoenea na ambayo ningeipenda kuliko zote kwa sababu zilizo wazi kwa mtu wa pwani, nayo imeshafungwa. Mimi naanzisha watu na Einstein@Home: kazi zake hazinyonyi ramu sana na zipo karibu wakati wote. World Community Grid, iliyoanzishwa na IBM mwaka 2004 na sasa iko Taasisi ya Krembil, Toronto, inashughulika na tiba ila imepitia vipindi virefu vya kusimama. Rosetta@home, inayochunguza maumbo ya protini, inataka ramu ya kutosha, usiigawie kori nne ukiwa na GB 4. Climateprediction.net ya Oxford, inayokokotoa mabadiliko ya tabianchi, naiogopa kwa nchi yenye mgao wa umeme. Kazi zake huchukua siku nyingi, na kukatikiwa ghafla kunaweza kuiharibu kazi nzima. Kazi fupi, zinazojihifadhi kila baada ya muda mfupi, zinavumilia zaidi.

Ukitaka kupunguza joto, punguza idadi ya kori, si asilimia ya muda wa prosesa. Ile asilimia huifanya BOINC iwashe na kuzima kazi kila mara, joto linapanda na kushuka, feni linapiga kelele kama lina hasira.

Bando nalo lipangie. BOINC ina ratiba ya mtandao tofauti na ratiba ya kukokotoa, kwa hiyo naipa ruhusa ya kupakua na kupakia saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati bando la usiku linafanya kazi. Akiba ya kazi iwe ndogo, ya siku moja au pungufu. Ukiruhusu ya siku kumi, mashine ya zamani inayofanya kazi usiku tu itajaza foleni isiyoiweza, na kila kazi ina tarehe yake ya mwisho. Ukiona kazi haitawahi, ikatishe mapema. Seva itaigawa kwa mtu mwingine badala ya kukusubiri mpaka muda upite.